Shamba la Mefiboshethi na Ada ya Chuo

Usharika unaomchangia kijana mwenye ulemavu Jumapili moja, ukampigia makofi, ukapiga naye picha, kisha ukamwacha aende chuoni na bahasha ile, haujamsomesha. Umemsindikiza mpaka kituo cha basi. Naandika hivi nikijua kwamba maneno haya yatawaudhi baadhi ya wazee wa kanisa ninaowaheshimu, watu ambao mikono yao haijawahi kufungwa mbele ya mwenye shida. Lakini mimi nafundisha katika chuo cha theolojia, na mlangoni pa ofisi ya mhasibu wa chuo ndipo sadaka zetu za huruma hupimwa. Hupimwa mwezi wa pili wa muhula wa kwanza, bahasha inapokwisha.

Washarika mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kijana amefaulu. Jina lake linasomwa kwenye matangazo. Anaitwa mbele, na kama yuko kwenye kiti cha magurudumu anasukumwa mpaka chini ya madhabahu na kuachwa hapo, kwa kuwa madhabahu ina ngazi. Anaombwa aseme neno. Mama yake analia. Kwaya inaimba, watu wanapita na noti zao, na baada ya ibada kuna mnada: jogoo mmoja anauzwa mara nne, trei ya mayai inanunuliwa na kurudishwa iuzwe tena. Fedha zinahesabiwa na kutajwa hadharani. Na ni kweli kabisa kwamba watu wametoa kwa moyo. Mjane ametoa. Sina neno na mjane. Neno langu ni kwa baraza la wazee, ambalo mwaka huohuo limepitisha bajeti yenye fungu la vigae, fungu la vyombo vya muziki na fungu la ziara ya mafunzo ya wazee wenyewe, wala halina mstari hata mmoja kwa ajili ya kijana yule atakapokuwa mwaka wa pili na wa tatu.

Ninachodai ni hiki. Gharama ambayo ulemavu unaiongeza juu ya masomo inapaswa kubebwa na usharika kwa fungu la bajeti, kila mwaka mpaka kijana amalize, bila yeye kusimamishwa mbele za watu kuiombea. Isiwe mkopo, wala sadaka maalumu. Liwe fungu la kawaida kama la umeme, ambalo hakuna anayelia machozi likilipwa.

Nieleze kwanza gharama hiyo ni ipi, maana wengi hudhani tunazungumzia ada. Ada ni ileile kwa wote. Chakula ni kilekile. Kinachomtenga kijana huyu ni orodha nyingine ambayo mwenzake wa chumba kimoja hanayo. Asiyeona anahitaji mashine ya kuandikia breli, na ile ya Perkins bei yake inaweza kuzidi ada ya mwaka mzima. Anahitaji karatasi zake, ambazo ni nene kuliko za kawaida na hazipatikani katika kila duka la vifaa vya shule. Siku hizi iko programu iitwayo NVDA, inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini ya kompyuta, nayo ni ya bure. Kompyuta yenyewe si ya bure. Tena vitabu vya maktaba vilivyochapwa kwenye karatasi lazima kwanza viingizwe kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa, na mtu anayeona, ambaye naye anakula na kulipa nauli. Kama kijana anasoma theolojia, ongezeni Biblia. Biblia nzima ya breli haibebwi kwapani. Ni majuzuu zaidi ya 30, yanajaza kabati. Na bado sijataja Kigiriki na Kiebrania.

Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Kwa kipindi cha saa mbili anahitaji wawili wa kupokezana, kwa sababu baada ya nusu saa hivi akili na mikono ya mkalimani huchoka na makosa huanza kuingia. Mwenye ualbino anahitaji mafuta ya kukinga jua kila siku ya Mungu, kofia pana, na kifaa cha kumsogezea maandishi ya ubaoni. Mafuta hayo hutengenezwa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC kule Moshi, kwa hiyo asije mtu akatuambia ni jambo la Ulaya. Anayetumia kiti cha magurudumu hapandi bodaboda. Kila safari yake ni bajaji au teksi, na kama vyumba vya bweni viko ghorofani, atapanga chumba mtaani kwa bei ya mtaani. Tairi za kiti nazo huisha, hasa kwenye njia zetu za changarawe.

Mwaka 2016 Serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tuelewe maana yake kwa mzazi: ada yake ya kwanza kubwa anakutana nayo chuoni, na hapohapo anakutana na orodha niliyoisoma.

Sasa, kila ninapolieleza jambo hili katika kikao, mzee mmoja huuliza: Mchungaji, si kuna Bodi ya Mikopo? Iko. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Ulemavu ni kimojawapo cha vigezo inavyoviangalia, na mwombaji hupeleka uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Siipigi vita bodi. Wako watumishi wa kanisa hili waliosoma kwa mkopo wake na wanaurudisha bila manung'uniko. Nasema tu kwamba mkopo ni mkopo. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe.

Fikirini vijana wawili wanaohitimu siku moja, wakaajiriwa kufundisha shule moja, kwa mshahara mmoja. Wa kwanza alikopa ada na chakula. Wa pili alikopa ada na chakula, kisha kila alipokosa msaada akakopa macho ya kusomea au miguu ya kumfikisha darasani, mara kwa bodi, mara kwa mjomba, mara kwa wale wakopeshaji wa mtaani wanaoshika kadi ya benki. Hilo deni la ziada ni la nini? Hakununua elimu zaidi ya mwenzake. Alinunua nafasi ya kuketi pale mwenzake alipoketi bure. Na hata akishaajiriwa orodha yake haikomi: anakatwa mshahara kwa ajili ya bajaji za zamani huku akilipia bajaji za leo. Anayemwambia kijana huyu akope tu kama wenzake anadhani anatenda haki kwa kuwa ametumia kipimo kimoja. Kipimo ni kimoja, mizigo ni miwili.

Wengine huchanganya jambo hili na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo ya biashara na uzalishaji. Ni njema kwa kazi yake, ila aliyeitwa kusomea sheria au ualimu haambiwi akafuge kuku kwanza.

Liko na jibu la pili la baraza, nalo lina sura ya haki zaidi: hii ni kazi ya Serikali. Nakubali kwamba Serikali ina wajibu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Elimu imo katika vyote viwili. Tuidai Serikali, na mkiandika barua mimi nitaweka sahihi. Lakini nimeona kwamba wanaolitaja jibu hili hawaandiki barua yoyote. Wanalitumia kufungia mjadala ili kikao kiendelee na ajenda ya vigae.

Sisi tunaojiita Walutheri tungepaswa kulikumbuka jambo moja kutoka nyumbani kwetu wenyewe. Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig, huko Saksonia, uliandika utaratibu wa sanduku la pamoja, na Martin Luther akauandikia dibaji. Mapato ya kanisa yaliwekwa katika sanduku moja, chini ya wasimamizi 10 waliochaguliwa kila mwaka kutoka miongoni mwa waungwana, halmashauri ya mji, wenyeji wa mji na wakulima wa vijijini. Sanduku hilo lilipaswa kumlipa mchungaji, kulipa shule, na kuwatunza maskini, yatima na waliodhoofika mwili. Mapato yasipotosha, kila mtu atozwe kwa mwaka kadiri ya uwezo wake. Na kuombaomba kukapigwa marufuku, si kwa kuwachukia ombaomba, bali kwa sababu hapangekuwa tena na haja. (Msidhani mambo yalikwenda kama maji: halmashauri ya mji ilivutana na usharika juu ya nani aishike mali ile. Wazee wa kanisa ni walewale kila karne.) Mwaka uliofuata, 1524, Luther huyohuyo aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwadai shule, akiwakumbusha kwamba kila mwaka wanatumia fedha nyingi kwa silaha, barabara na madaraja. Na mwaka 1530 akawahimiza matajiri waandike katika wosia zao fungu la kusomesha watoto wa maskini.

Kwa hiyo Luther hakuchagua kati ya kuidai dola na kufungua sanduku la usharika. Alifanya yote mawili. Usharika wa matengenezo ulianza kwa kuondoa kuombaomba mlangoni pa kanisa. Sisi tumekurudisha, tena tumekuingiza ndani, tumekupa kipaza sauti na kukuweka mbele ya madhabahu.

Mtanijibu kwamba kanisa letu lina sifa katika jambo hili, nami nakubali. Shule ya wasioona ya Irente kule Lushoto ni kazi ya kanisa hili. Shule za viziwi za Mwanga na Njombe ni kazi ya kanisa hili. Mwaka 2007 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ilianzisha chuo pale Magamba, kikachukua jina la Askofu Sebastian Kolowa, na shahada ya ualimu wa elimu maalumu ikawa miongoni mwa masomo yake ya kwanza. Hayo yalikuwa maono. Lakini mtoto aliyefundishwa breli Irente hukua, na siku moja hupata barua ya kujiunga na chuo. Kazi ile iliyoanzwa kwa imani kubwa, na kwa msaada wa marafiki wa ng'ambo, huishia pale ambapo sisi wenyewe tungetakiwa kuipokea. Tumemfundisha kusoma, halafu tunamwuliza nani atamnunulia karatasi.

Nije kwenye Neno. Katika 2 Samweli 9 kuna habari ambayo huhubiriwa sana, na mara nyingi kwa haraka mno. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na umri wa miaka 5 yaya wake alipokimbia naye baada ya habari za kifo cha Sauli na Yonathani. Mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Akakulia Lo-debari, katika nyumba ya mtu mwingine. Mahubiri mengi niliyoyasikia hukimbilia mezani: mfalme akamketisha mezani pake, haleluya. Meza ipo, lakini kabla ya meza kuna mambo mawili.

La kwanza, Daudi ndiye aliyeuliza. Hakungoja barua ya maombi. Aliuliza kama amebaki mtu wa nyumba ya Sauli apate kumtendea wema kwa ajili ya agano lake na Yonathani. Wema ule ulikuwa na mzizi: agano. Nasi tunao mzizi huohuo. Kijana yule alibatizwa katika kanisa letu, na usharika mzima ukasimama ukaahidi kumlea. Ahadi ile haikuwa na kifungu kinachosema kwamba akihitaji mkalimani tutaangalia hali ya mfuko.

La pili, Daudi alimrudishia shamba. Mashamba yote ya Sauli babu yake, kisha akamwagiza Siba ayalime pamoja na wanawe 15 na watumishi wake 20, ili mazao yaletwe. Angalieni vizuri. Miguu ya Mefiboshethi haikuponywa. Sura inafungwa kwa kutukumbusha kwamba alikuwa bado kiwete wa miguu yote miwili. Kilichobadilika ni kwamba kazi ambayo miguu ile isingeweza kuifanya ilipewa watu wa kuifanya, mwaka baada ya mwaka, kwa agizo lililotajwa mbele ya wote, na mazao yakawa yake. Hilo ndilo fungu la bajeti ninalolidai. Daudi hakumpa nauli ya kurudi Lo-debari na kumtakia heri.

Wahubiri wengi huiacha habari hapo. Mimi naomba tusonge mbele, kwa kuwa sura ya 16 na ya 19 ndizo zinazowahusu mabaraza yetu. Absalomu alipoasi na Daudi akakimbia Yerusalemu, Siba alimfuata mfalme njiani na punda, mikate na divai, akamwambia kwamba Mefiboshethi amebaki mjini akitumaini kuupata ufalme. Daudi, akiwa amechoka na ameumizwa, akampa Siba mali yote palepale. Hakumwita Mefiboshethi. Hakuuliza. Baadaye, aliporudi, Mefiboshethi akaja kumlaki akiwa hajatunza miguu yake wala hajafua nguo zake tangu siku mfalme alipoondoka. Akaeleza kwamba alitaka kutandikiwa punda aende na mfalme, kwa kuwa yeye ni kiwete, na mtumishi wake akamdanganya na kumsingizia. Na Daudi? Akasema mgawane shamba.

Nimewasomesha wanafunzi sura hizi mara nyingi, na kila mara linalonichoma ni lile la punda. Mtu alipoteza urithi wake kwa sababu hakuwa na wa kumtandikia punda, na kwa sababu taarifa zake zilifikishwa kwa mfalme na mtu mwingine. Shamba alilopewa kwa agano likageuka kuwa kitu cha hisani, na hisani hubadilika na hali ya moyo wa mtoaji.

Hivi ndivyo vijana wetu wanavyoishi chuoni. Fedha ikitoka, hutoka kwa sababu mchungaji fulani anampenda. Mchungaji akihamishwa, anayekuja hamjui. Taarifa za mwanafunzi hufika kwenye baraza kupitia kwa mjomba, au kwa mwinjilisti wa mtaa, au kwa yule aliyekuwa akimsukuma kiti: kwamba siku hizi ana simu kubwa, kwamba hasalimii akija likizo, kwamba inasemekana amefeli somo moja. Namfahamu mwanafunzi mmoja, ambaye jina lake sitalitaja, aliyesimamishiwa msaada katikati ya mwaka wa pili kwa neno la namna hiyo. Hakuitwa, hakuandikiwa. Simu kubwa iliyowachukiza wazee ndiyo iliyokuwa ikimsomea vitabu.

Wapo watakaosema kwamba kanisa halina fedha, na watamtaja Petro pale kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri, aliyemwambia kiwete kwamba hana fedha wala dhahabu. Petro alisema kweli, hakuwa nazo. Usharika uliomaliza kulipia spika mpya hauwezi kuyaazima maneno yake. Tena katika habari hiyo ya Matendo 3 kuna jambo dogo ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi: kiwete yule alikuwa na watu wa kumbeba. Walimbeba kila siku. Utaratibu ulikuwepo, wenye watu na ratiba, na kazi yake ilikuwa kumfikisha mahali pa kuomba. Na kuhusu wale wanaochanga nauli za kumpeleka kijana kwenye mikutano ya uponyaji mara tatu kwa mwaka lakini hawana nauli ya kumpeleka darasani, nasema kwa kifupi: namwamini Mungu anayeponya, na naamini pia kwamba kijana akiponywa ataulizwa mtihani uleule wa muhula wa kwanza.

Swali la mwisho huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya kikao, karibu na gari: je, akimaliza atafanya kazi gani? Wanaouliza hawakumwuliza hivyo kijana mwingine yeyote tuliyemchangia, na mtaani wamejaa wenye shahada na miguu miwili mizima wasio na ajira. Mtu husomeshwa kwa kuwa Mungu amempa akili na wito. Likija kwenye wito wa uchungaji, huibuka Mambo ya Walawi 21, kuhusu makuhani wenye kilema kutokaribia madhabahu. Wanaolitaja hawaendelei mpaka pale sura hiyohiyo inaposema kwamba kuhani huyo atakula mkate mtakatifu. Wala hawaelezi kwa nini sheria hiyo iendelee kwa miguu na macho ya watu, wakati wameiacha kwa kondoo na mbuzi wa sadaka. Kanisa letu halina ukuhani wa Haruni. Lina watu waliobatizwa, na kati yao Mungu huita anayemtaka. Musa alikuwa na ulimi mzito, akapewa Haruni wa kusema naye. Hakuambiwa alipe gharama za Haruni.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Jumapili ijayo tazameni benchi lenu lenye watu tisa, na mjiulize yule mmoja yuko wapi. Kama hayupo, huenda jibu liko kwenye ngazi za mlangoni, au huenda liko kwenye bajeti.

Nimeambiwa kwamba wachungaji wa vyuoni hulaumu bila kutoa njia, kwa hiyo naitoa. Chukueni jimbo lenye sharika 20. Kila usharika utenge shilingi 50,000 kwa mwezi, kiasi ambacho mnada wa jogoo mmoja hukizidi. Kwa mwezi ni shilingi 1,000,000, kwa mwaka 12,000,000. Haitamaliza kila hitaji, hasa la wakalimani, ambalo litahitaji mkono wa dayosisi. Lakini inanunua kompyuta, inamlipa msomaji, inalipia bajaji na mafuta ya ngozi kwa vijana kadhaa mwaka mzima. Mfuko uwe wa jimbo, usiwe wa usharika mmoja mmoja, ili usife mchungaji akihama, na ili usharika maskini wenye vijana wawili usizidiwe na usharika tajiri usio na hata mmoja. Wasimamizi wachaguliwe, na wasiopungua theluthi yao wawe watu wenye ulemavu, kwa sababu wao ndio wanaojua tairi huisha lini. Kijana apewe barua inayotaja kiasi na miaka, mpaka mwaka wa mwisho wa kozi yake. Fedha ya mkalimani ilipwe kwa mkalimani, ya chumba kwa mwenye nyumba. Malalamiko yoyote dhidi ya mwanafunzi yasijadiliwe kabla yeye mwenyewe hajaitwa na kusikilizwa, na nauli yake ya kuja kusikilizwa ilipwe na mfuko. Picha zisipigwe. Ushuhuda madhabahuni autoe akitaka, siku akitaka, kama msharika mwingine yeyote.

Sharika nyingi hupitisha bajeti ya mwaka kabla ya Krismasi, na mwaka wa masomo wa vyuo vikuu huanza mwezi Oktoba au Novemba. Fungu likipitishwa Desemba hii na makato yakaanza Januari, ifikapo Septemba jimbo letu la mfano litakuwa na shilingi 9,000,000 mkononi, kabla kijana wa kwanza hajafunga begi lake. Wajumbe wa baraza wanaosoma kitabu hiki wanajua tarehe ya kikao chao. Ajenda huandikwa wiki mbili kabla, na katibu hupokea hoja kutoka kwa msharika yeyote.